Fainali ya wasichana U-15, zimebaki siku kumi: mazoezi, viatu na matuta

Nansio08:

Wakuu, habari za jioni. Timu ya wasichana chini ya miaka 15 kutoka kisiwa cha Ukerewe imeingia fainali. Mechi ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri, uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Dakika 35 kila kipindi, mpira namba 5, kikosi cha wachezaji 18, mabadiliko matano. Sare ni matuta (mikwaju ya penalti) moja kwa moja, hakuna muda wa nyongeza.

Hali ilivyo: mabinti wamezoea mchanga na changarawe, nyasi bandia hawajawahi kuzikanyaga. Wengi wanachezea raba, wachache wana njumu. Saba wanavaa hijabu. Kipa ni mwepesi lakini mfupi, na wapinzani ni warefu, mabao yao mengi yanatokana na kona.

Siku hizi kumi zigawanyweje? Viatu gani? Matuta yaandaliweje? Fedha ya kuwanunulia wote njumu mpya haipo.

Kiungo Mkabaji:

Siku kumi hazimwongezei mtoto pumzi, ila zinatosha kabisa kumchosha. Makocha wengi wakiingia fainali wanaongeza mazoezi mara mbili kwa siku, na Jumamosi timu inaingia uwanjani na miguu mizito.

Hadi Jumatatu endelea na ratiba yenu ya kawaida. Jumanne iwe ya mwisho yenye nguvu: dakika 70, humo mkiwa na mechi ya ndani ya vipande vinne vya dakika 8, kasi ya kweli. Jumatano wapumzike, wasikimbie hata mchakamchaka wa shule kama mwalimu wa zamu atakubali. Alhamisi dakika 50, kona na faulo tu. Ijumaa mnasafiri, jioni dakika 25 za kupasha na kupigiana pasi, basi.

Kupasha misuli fuateni programu ya FIFA 11+, ya kuzuia majeraha. Ina sehemu tatu: kukimbia polepole dakika 8, nguvu na mizani dakika 10, kukimbia kwa kasi dakika 2. Ilijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa 2008, na majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja. Wasichana wa umri huu wanaumia kano za goti zaidi kuliko wavulana, kwa hiyo kwenye zoezi la kuruka mtazame kila binti anavyotua: magoti yaelekee mbele sawa na vidole, yasikutane ndani. Siku ya mechi fanyeni sehemu ya kwanza na ya tatu tu. Ile ya katikati inachosha misuli kabla ya filimbi.

Tahadhari moja. Ndani ya sehemu ya pili kuna zoezi la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo, ukashuka mbele taratibu. Kama hawajawahi kulifanya, msilianze wiki ya fainali. Misuli ya nyuma ya paja itauma siku mbili tatu na winga wako hataweza kufungua mbio.

Viatu sasa. Kwenye nyasi bandia hatari ni kiatu kung'ang'ania chini wakati mwili unageuka, na hapo goti ndilo linalolipa. Njumu ndefu za chuma ziacheni nyumbani. Zinazofaa ni zenye meno mafupi mengi ya mpira, na raba zenye kisigino ambacho hakijalika nazo zinachezeka kama nyasi ni kavu. Usikubali mzazi amletee mtoto njumu mpya Ijumaa. Malengelenge yataanza kabla ya mapumziko. Kiatu kipya kivaliwe mazoezini kuanzia kesho au kisivaliwe kabisa. Kila mmoja abebe soksi jozi mbili, apake mafuta ya mgando kwenye kisigino na vidole.

Zile punje nyeusi za mpira zilizomwagwa kwenye nyasi bandia zinashika joto sana, saa tisa jua bado kali, kwa hiyo wasikae chini kwenye nyasi wakati wa kupasha. Mpira nao unateleza haraka kuliko kwenye mchanga: pasi ya mbele waliyozoea kuipiga kwa nguvu itatoka nje. Wazoeze pasi za mguuni. Ombeni waandaaji nusu saa ya uwanja Ijumaa jioni; wakikataa, fikeni Jumamosi dakika 90 kabla mpate kuuonja. Na mpira wenu wa mazoezi ujazeni vizuri. Kipimo cha upepo kwa sheria ni kati ya angahewa 0.6 na 1.1, lakini mitaani tunachezea mipira iliyolegea halafu tunashangaa ule wa fainali unaruka kama mbuzi.

Filimbi:

Kiungo kamaliza ya mazoezi. Mimi naongelea ukaguzi, maana hapo ndipo timu za watoto zinapotolewa jasho kabla ya mpira kuanza.

Vito vyote ni marufuku, na kuvifunika kwa plasta hairuhusiwi. Hereni, bangili, cheni, shanga za nywele, uzi wa mkononi. Tatizo kubwa ni binti aliyetobolewa masikio juzi na hereni haitoki bila damu. Mwamuzi hatamruhusu. Kagueni masikio leo, siyo Jumamosi. Wanaosuka, wasukwe bila shanga wala vibanio vya chuma.

Hijabu inaruhusiwa na Sheria ya 4 ya soka, ile ya vifaa vya mchezaji, tangu 2014. Masharti: iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, saba wote wavae rangi moja, isishonwe kwenye jezi, isiwe na pini wala kifungo shingoni, isining'inie ncha. Ile ya kuvuta kichwani, kitambaa cha kunyumbulika, haina shida. Wakivaa taiti chini ya bukta, rangi ifanane na bukta na timu nzima iwe moja. Fulana ya mikono mirefu chini ya jezi ifuate rangi ya mkono wa jezi. Taiti za rangi tatu tofauti zinatosha kukuchelewesha.

Vikinga ugoko ni lazima na vifunikwe na soksi. Kipande cha boksi siyo kikinga.

Kwenye kikao cha maandalizi ya mechi ulizeni mambo haya na yaandikwe: aliyetoka anaweza kurudi? Mabadiliko yana nafasi ngapi za kusimamisha mchezo? Kanuni ya kipa kukaa na mpira sekunde 8 na kuadhibiwa kwa kona inatumika? Iliingia kwenye sheria 2025, na kipa anayependa kupoteza muda atawagharimu. Vyeti vya kuzaliwa na kadi za shule vibebwe halisi, na jezi seti mbili pamoja na mbili za kipa.

Sarafu: anayeshinda anachagua goli la kushambulia au kuanza mpira. Nahodha aangalie jua. Likimpiga kipa wako usoni, ni heri limpige kipindi cha kwanza likiwa bado juu. Kofia ya kipa inaruhusiwa.

Mama wa Benchi:

Ijumaa vukeni na meli ya mapema kadiri mnavyoweza. Ziwa likichafuka, mtoto aliyetapika anahitaji usiku mzima kurudisha maji. Dawa ya kuzuia kutapika asipewe bila mzazi kujua, nyingine zinaleta usingizi.

Chakula kikuu Jumamosi kiwe saa sita, saa tatu kabla ya mechi. Wali au ugali, samaki wa kuchemsha au kuchoma, mchuzi mwepesi. Maharage, kabichi, chipsi na chochote cha mafuta mengi viahirishwe hadi jioni, vinakaa tumboni na kuleta gesi. Saa nane ndizi mbivu moja. Maji: mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya mwili, kati ya saa tano na saa saba. Binti wa kilo 45 ni kama mililita 225 hadi 315, yaani kikombe kimoja au kimoja na nusu. Siyo lita moja kwa mkupuo dakika kumi kabla ya filimbi. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya makopo msivipeleke kabisa.

Aliyeharisha au kutapika: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo vya chai 6 vilivyofutwa usawa, chumvi nusu kijiko kidogo. Chumvi ikizidi inadhuru, pimeni.

Begi la benchi liwe na pedi zisizopungua 10, bukta nyeusi mbili za akiba na chupi mpya. Wenye bukta nyeupe, bora mkabadilishe kama seti ya pili ni nyeusi. Mtu mzima wa kike awepo chumbani na kwenye malazi, na mabinti wajue ni nani wa kumfuata. Ukimwachia kocha mwanaume peke yake, atacheza binti anayeumwa na hatasema.

Aliyegongwa kichwa akawa anayumba, anasahau au anataka kutapika, atoke na asirudi, hata ikiwa ni dakika ya 69 na ndiye mfungaji wenu.

Nansio08:

Shukrani sana. Shanga za nywele tayari ni kesi, ni wanne. Naomba kona na matuta.

Kiungo Mkabaji:

Kona: usimlazimishe kipa mfupi kudaka kwenye msongamano. Apige ngumi kuelekea pembeni. Asimame katikati ya mstari, mwili wazi. Weka mtu kwenye nguzo ya karibu, binti mrefu kuliko wote kwenye ukingo wa kisanduku kidogo, mita 5.5 kutoka golini, na mmoja wa kumzuia yule atakayekuja kumbana kipa. Acha wawili katikati ya uwanja. Wapinzani watalazimika kubakisha watatu, na msongamano unapungua wenyewe.

Goli kiki ni hatari kuliko kona na hakuna anayeizungumza. Kipa wa miaka 14 akipiga, mpira unatua mita chache nje ya boksi, miguuni mwa mshambuliaji. Tangu 2019 mwenzake anaweza kuupokea ndani ya boksi, au beki mwenye mguu mzito aupige yeye, kipa abaki golini. Na anayepokea moja kwa moja kutoka goli kiki hahesabiwi ameotea.

Filimbi:

Matuta. Wanaopiga ni wale waliokuwa uwanjani filimbi ya mwisho ilipolia, kwa hiyo mpigaji wako bora usimtoe dakika ya 65. Bakiza badiliko moja kwa ajili ya kipa: akiumia wakati wa matuta, anaweza kuingia wa akiba kama nafasi haijaisha. Andika orodha ya wote kumi na mmoja, kipa akiwemo, maana hakuna anayerudia hadi wote wapige. Mmekuwa pungufu kwa kadi nyekundu? Wapinzani nao wanapunguza.

Kipa awe na sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari, au usawa wake, mpira unapopigwa. Akitoka mapema akaokoa, linarudiwa na anaonywa. Mara ya pili ni kadi ya njano. Fainali ya Kombe la Dunia la wasichana U-17 mwaka 2024, Korea Kaskazini na Hispania, iliamuliwa kwa matuta baada ya 1-1, kwa hiyo yaandaeni, msiyaachie bahati nasibu.

Mazoezi: mwisho wa Jumanne na Alhamisi, wakiwa wamechoka. Watembee kutoka duara la kati, kama mita 40 hivi, auweke mpira mwenyewe, asubiri filimbi, apige upande aliouchagua kabla ya kuanza kutembea. Wengi wanakosa kwa kubadili mawazo hatua ya mwisho. Mapigo mawili kwa kila binti yanatosha. Ukienda kwenye kikao cha maandalizi, chukua na jina la mwamuzi wa akiba, ndiye utakayempa karatasi za mabadiliko.