Wametuezekea nyumba ya mama Tanga kwa "waranti ya miaka 25", miaka miwili bati zimeoza, leo wanasema waranti haihusu pwani

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za kuulizana bei za bati. Hili ni jambo jingine kabisa.

Nimejizuia wiki tatu nikitumaini tutamalizana kistaarabu. Juzi wamenijibu barua kwa mistari minne, na mistari hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Watu wa Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Mtwara, na nyie wa Mombasa mnaopita huku, someni kabla hamjamruhusu mtu kupanda juu ya nyumba za wazee wenu.

Nyumba iko Ngamiani. Nyumba ya Kiswahili ya zamani, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, jiko na choo uani. Kuta ni za miti, mawe na udongo, juu lipu ya chokaa. Babu aliiezeka 1961 kwa bati zile za migongo midogo, nzito, mtu mmoja habebi tatu. Kenchi, yale mafremu ya mbao yanayobeba paa, zilikuwa za mvule. Paa lile lilikaa miaka sitini na ushee likipigwa na kusi na kaskazi, na hadi linashushwa lilikuwa limeoza pembezoni na pale bati zinapolaliana tu. Lakini maji yalishaanza kuingia ukumbini, na Bi mkubwa ana miaka 74, hawezi kuamka usiku kuhamisha ndoo.

Tukachanga watoto wanne. Kulikuwa na fundi mzee hapo mtaani, aliyewahi kuziba paa hilo hilo mara mbili, akatupa bei ya chini. Mimi ndiye niliyemkataa. Nilisema safari hii tutafute kampuni, kazi ifanywe kitaalamu, mama astarehe. Nalibeba hilo.

Tukaipata kampuni. Afisa wao alikuja na kishikwambi, akarusha droni juu ya nyumba, majirani wakatoka kutazama. Akaleta profoma ya kurasa tano: bati za aina ya msauzi, aluzinki, geji 28 (geji ni namba ya unene), rangi ya mkaa, mbao zote zenye dawa, kubadilisha wolpleti yote (mbao inayolala juu ya ukuta kubeba kenchi), kofia za kilele cha paa, fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa), waranti ya miaka 25. Shilingi 12,400,000. Asilimia 70 mwanzo, iliyobaki siku ya kukabidhi. Akamwambia mama, na mimi nilikuwa kwenye simu nasikia: "Mama, hapa unaezeka mara moja, hata wajukuu hawatagusa." Siku tisa wakamaliza. Ilikuwa Januari 2023.

Masika ya 2024 maji yakaingia chumba cha mama. Tukawaita, akaja kijana na chupa ya silikoni, akapaka, akaondoka. Masika ya mwaka huu, mwezi wa tano, mvua ile ya siku tatu mfululizo, dari ya ukumbi ikashuka. Dada akanitumia picha ya michirizi myekundu ukutani, kuanzia juu ya mlango hadi sakafuni. Nikapanda basi.

Nilimfuata yule mzee niliyemkataa. Hakuninunia. Alisema, "Mwanangu, twende tukaangalie," akachukua ngazi yake. Tulipofika juu ya upenu wa uani akashika kichwa cha msumari kwa vidole viwili akavuta. Ukatoka. Ulikuwa umebaki mwembamba kama njiti ya kiberiti, na ile raba ya chini ya kichwa ikamong'onyoka mkononi mwake kama makombo ya mkate mkavu. Akavuta wa pili, ukatoka. Wa tatu ukakatika. Hakusema kitu, aliviweka vyote kwenye kiganja changu.

Nieleze tulichokiona, maana nimejifunza kwa uchungu na sitaki mwingine ajifunze hivyo.

Geji kwanza. Bati moja tuliinua karibu na kofia, na chini yake, mahali ambapo hakuna ambaye angepaona, maandishi ya kiwandani yalikuwepo: 30. Kwa wasiojua, namba ikipanda bati linapungua. Geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3. Nilipeleka kipande kwa jamaa mwenye karakana, akapima kwa maikromita mbele yangu, na hiyo 0.3 haikufika hata pamoja na rangi. Tumelipia 28 paa zima. Nina profoma, nina risiti ya EFD, nina kipande.

Pili, walikata bati kwa grainda. Dada anakumbuka cheche zikiruka siku nzima. Aluzinki inalindwa na ganda lake jembamba la aluminiamu na zinki. Grainda inaliunguza ganda hilo pale unapokata, na zile chenga za moto zinarukia bati la jirani na kujichimbia kwenye rangi. Kila chenga inakuwa mbegu ya kutu. Ukisimama juu ya paa la mama unaiona: vidoadoa vya kahawia vimetawanyika kama ugonjwa wa ngozi, vingi karibu na kila sehemu iliyokatwa. Mkasi wa bati upo, bei yake haifiki hata ya bati moja. Hawakuutumia kwa sababu grainda ni haraka.

Kuna hili la chini ya upenu, ambalo mwanzoni lilinishangaza. Kutu mbaya kuliko zote ilikuwa upande wa chini wa bati, pasiponyeshewa. Mzee akanifafanulia vizuri kuliko yule afisa wa droni. Upepo wa bahari unabeba chumvi na kuipaka kila mahali. Juu ya bati mvua inaosha, chini ya upenu hakuna wa kuosha, chumvi inakaa, na usiku ikivuta unyevu inakuwa maji ya chumvi yaliyogandamana na chuma. Kila anayeezeka pwani kwa kazi yake lazima ajue hili. Watengenezaji wenyewe wa bati za rangi wanaelekeza sehemu zisizonyeshewa zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Sisi hatukuambiwa na mtu. Hakuna neno moja kwenye kurasa zile tano.

Lililonikata maini zaidi ni ukuta wa upande wa jirani, ambao umepanda juu kuliko paa letu. Pale bati linapokutana na ukuta, badala ya kuweka flashi, yaani bati la kukunja linaloziba maungio, walijaza saruji. Saruji mbichi juu ya aluzinki! Zaidi ya nusu ya lile ganda ni aluminiamu, na saruji mbichi, kama chokaa mbichi, inaila aluminiamu. Nilipobandua kile kipande cha saruji kilitoka na rangi na ganda vikiwa vimeganda kwake, na chini yake palikuwa na tundu linalopitisha kidole gumba changu. Hapo ndipo maji yalipokuwa yakiingilia chumba cha mama, na hapo ndipo kijana alipopaka silikoni juu ya ile saruji akapiga picha ya "tatizo limetatuliwa".

Tukaingia darini. Wolpleti ambayo profoma inasema imebadilishwa yote, upande wa uani ni ile ile ya babu, imeliwa na mchwa, ukiibonyeza kwa bisibisi inaingia hadi kwenye mpini. Walilaza kenchi mpya juu ya mbao iliyooza, juu ya ukuta wa udongo, bila hata mkanda wa chuma kulifunga paa lishikane na ukuta. Nyumba za zamani kuta zake hazina lenta ya zege kama hizi za sasa. Paa ndilo linalozishika, na bati jepesi linanyanyuliwa na upepo. Kusi ikivuma sasa unasikia paa likipumua, linapanda na kushuka. Mama analala chini ya hapo.

Na zile mbao zenye dawa? Nilikata kipande cha papi, zile mbao zinazopigiliwa bati. Kijani nje, ndani nyeupe kabisa, kijani hakijaingia hata unene wa kucha. Mbao iliyoshindiliwa dawa kiwandani kwa mgandamizo ukiikata rangi unaiona imeingia ndani. Hii imepakwa kwa brashi.

Halafu wamepunguza mwinuko. Paa la babu lilikuwa limesimama, lina kichwa, na lilikuwa na matundu ya hewa pande zote mbili. Wao wamelilaza ili watumie bati chache na mbao fupi, na matundu wameziba. Matokeo yake mvua ya upepo inasukuma maji kurudi juu, chini ya malalio ya bati, na mchana, kwa ile rangi ya mkaa, ukumbi ni tanuri. Mama amehamishia kitanda chake cha mchana barazani. Katika umri huo analala barazani kama mgeni kwenye nyumba ya baba yake.

Bado hamjasikia habari ya bati za zamani. Siku ya kushusha walimwambia dada, "Takataka hizi tutawasaidia kutupa." Wakapakia bati zote za 1961 na mvule wote kwenye fuso. Mwaka jana mtu akaziona bati hizo, zenye alama ya rangi ya bluu ambayo babu mwenyewe aliipaka, zimeezeka banda la mtu nje ya mji. Hazivuji. Mvule uko wapi Mungu anajua, na kila mtu hapa anajua mbao ya mvule iliyokauka miaka sitini inauzwaje. Tuliibiwa mchana kweupe na tukawashukuru, tukawapa na soda.

Sasa barua yao. Nimewaandikia kurasa tatu na picha 41. Wamejibu mistari minne. Kwa ufupi: kutu hiyo inatokana na "mazingira ya bahari", na waranti haihusu nyumba iliyo ndani ya kilomita 5 kutoka ufukweni, rejea kipengele fulani ukurasa wa nyuma.

Nikageuza ukurasa wa nyuma. Kipengele kipo, kwa Kiingereza, kwa maandishi ya ukubwa wa mchele. Mama yangu alisaini. Mama yangu anasoma Kiarabu na Kiswahili. Mazungumzo yote, kuanzia droni hadi makabidhiano, yalikuwa kwa Kiswahili, ila sehemu inayomnyima haki ndiyo wakaificha kwenye lugha asiyoisoma.

Wakuu, pimeni kilomita 5 kutoka bahari ya Tanga. Raskazone imo. Chumbageni imo. Ngamiani imo yote, kuanzia barabara ya kwanza hadi ya mwisho. Ofisi yao wenyewe ya hapo mjini imo! Wamefungua duka katikati ya mji wa bandari, wanauza waranti ambayo karibu kila mteja anayeingia mlangoni haimhusu, na wanalijua hilo wakati wanapokea pesa. Yule afisa alisimama kwenye baraza yetu, upepo wa bahari unampiga usoni, akatamka miaka 25 mbele ya mama mzee. Alijua.

Na hata tukikubali habari ya bahari: bahari haikuandika geji 28 ikaleta 30. Bahari haikupaka mbao kijani. Haikuacha wolpleti ya mchwa wala haikujaza saruji. Chumvi ya Tanga ilikuwepo 1961 na paa likadumu, kwa sababu walioezeka walijua wanaezekea wapi.

Nimeshapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumuuzia mtu 30 kwa bei ya 28 sijui kuna kupotosha gani kuliko huko. Nafuatilia pia Bodi ya Usajili wa Makandarasi kujua kama wamesajiliwa kwa kazi hii. Jina la kampuni silitaji hapa, suala liko mezani na sitaki wapate pa kujifichia. Ninachotaka ni tofauti ya bei ya bati, gharama ya kushusha na kuezeka upya upande wa uani na ule wa jirani, na thamani ya mvule. Pole zao wabaki nazo.

NYONGEZA, Jumapili usiku:

Wengi mmeniuliza PM mfanye nini, maana mna nyumba za wazee zinazosubiri kuezekwa. Siwezi kumjibu kila mmoja. Msilipe kabla hamjashika bati mkononi na kupima kwa maikromita, tena mbele ya gari lililolileta. Kateni kipande kimoja cha mbao chochote mnachotaka nyie, si wanachowachagulia wao, mtazame ndani. Waambieni waandike kwenye waranti, kwa Kiswahili, mtaa na mji nyumba ilipo na kwamba wanajua iko karibu na bahari. Akikataa kuandika, mmeshajua. Grainda isipande juu ya paa. Na bati na mbao za zamani zibaki uani kwenu, hata kama zinaonekana takataka.

Kwa aliyeuliza kama aluzinki yenyewe ni mbaya pwani: si mbaya. Mzee ameniongoza kwenye nyumba moja Chumbageni iliyoezekwa geji 28 ya kweli, ikakatwa kwa mkasi, ikafungwa kwa skrubu nzuri, mwenye nyumba anaosha chini ya upenu kwa mpira wa maji. Mwaka wa kumi na moja, hakuna doa.

Yule mzee ameanza jana upande wa uani, ametoa wolpleti yote. Natafuta mbao za mvule au mninga zilizokauka vizuri, futi 40 kwa jumla, inchi 2 kwa 4. Mwenye nazo Tanga au Muheza anicheki PM, nitazifuata mwenyewe.