Harrier yangu imefunguliwa bila mkwaruzo, naombeni ushauri

Baba_Nasri: Wakuu, habari za jioni. Nina Harrier ya 2014, imetoka Japani, nimeichukua yadi mwaka huu. Ni zile za kutembea na rimoti mfukoni: unagusa kitasa inafunguka, unabonyeza kitufe inawaka. Jumamosi niliegesha duka moja huku Mikocheni nikaingia kununua maziwa ya mtoto, dakika ishirini hazikufika. Kurudi, begi lenye laptopu halipo siti ya nyuma. Vioo vizima, vitasa vizima. Mlinzi hajaona kitu. Mke wangu anasema nimeisahau mahali, na namna alivyolitamka hilo neno "mahali" sikulipenda. Huyu mwizi kafunguaje? Na nifanyeje nisije nikakuta gari lenyewe halipo?

Kipusa_Tabata: Ulizibiwa tu. Mtu anakaa pembeni na kidude kinachopiga kelele kwenye masafa ya rimoti yako, rimoti za Japani nyingi ni karibu na 315 MHz. Unabonyeza kufunga, gari limezibwa masikio, nawe unaondoka huku unachezea simu. Siku nyingine vuta kitasa kabla hujaondoka.

Fundi_Umeme_Kgoo: Kuvuta kitasa na rimoti iko mfukoni hakusaidii, dada. Gari litamfungukia mwenye rimoti. Angalia taa zikonyeze na vioo vya pembeni vijikunje. Baba Nasri, uliporudi vioo vilikuwaje?

Baba_Nasri: Vilikuwa vimejikunja. Nakumbuka kabisa, cha kushoto hulia kikifunguka, kilinilia.

Fundi_Umeme_Kgoo: Basi lilikuwa limefungwa. Hukuzibiwa.

Mmatumbi_Birmingham: Huku Uingereza jirani yangu aliondokewa na gari usiku, ufunguo uko mezani karibu na mlango. Ukilisogelea gari, lenyewe huita kwa sauti ndogo isiyofika mbali, na rimoti huitika "naam". Wezi huja wawili: mmoja anasimama penye gari kuubeba ule wito, mwenzake yuko ukutani kwako na antena, anaufikisha kwa rimoti. Rimoti inaitika, gari linadhani bosi kafika. Si habari mpya. Mwaka 2011 watafiti wa Zurich walijaribu aina 10 za magari ya kampuni 8, yote yakafunguka. Weka rimoti kwenye kopo la bati, kisha simama nalo mlangoni pa gari. Likifunguka, kopo halifai. La kwangu la biskuti lilifeli, nikahamia kijimfuko maalumu.

Kipusa_Tabata: Kwa hiyo dukani alikuwa nyuma yake kwenye foleni na antena? Mmh.

Fundi_Umeme_Kgoo: Inawezekana, ila mimi ningeanza na jambo jepesi. Yadi walikupa rimoti ngapi?

Baba_Nasri: Moja. Walisema ndivyo lilivyokuja.

Fundi_Umeme_Kgoo: Nenda kwa fundi mwenye mashine, aichomeke chini ya dashibodi. Itamwambia rimoti ngapi zimesajiliwa. Wakati huo huo, rimoti nyingi za Toyota unaweza kuzilaza usiku: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili, kijitaa chake kikonyeze mara nne. Hapo haiitiki mtu mpaka ubonyeze kitufe. Na funga swichi ya siri kwenye pampu ya mafuta, ila usimwachie kijana wa kukatakata nyaya, utakuja kuzimikiwa Ubungo katikati ya foleni.

Chalii_wa_R: Uza, nunua Corolla ya ufunguo wa chuma. Yangu hata mimi mwenyewe inanigomea kufungua.

Baba_Nasri: Wakuu, mrejesho. Nimetoka kwa fundi sasa hivi. Zimesajiliwa tatu. TATU, na mimi ninayo moja. Kazifuta mbili, swichi ya siri tunafunga Jumamosi. Nimepita yadi kuuliza, wameniambia kijana aliyenikabidhi gari hayupo tena pale, aliacha kazi. Kituoni nimeshapeleka maelezo. Ile skrini ya mashine nimeipiga picha nikamtumia mke wangu. Ameisoma, bado hajajibu.