Kama kitabu cha 4.5 ni cha "hiari", mbona cha 5 hakieleweki bila hicho?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu una povu na unafichua matukio, kwa hiyo jina la mfululizo nalihifadhi. Mnaousoma mtaujua tu.

Ni fantasia ya mjini kama tunazozizoea: stelingi ni mchawi mpelelezi, wanyonya damu wanaendesha kumbi za starehe, mbwamwitu-watu wameshika bandari. Kitabu cha 4 kinaisha mkuu wa wanyonya damu akiapa kumzika stelingi mzima mzima. Nikakisubiri cha 5 roho juu.

Ukurasa wa tatu tu, yule yule mnyonya damu yuko jikoni kwa stelingi, kavaa kandambili za mwenye nyumba, anauliza sukari iko wapi. (Sukari ya nini wakati chai yenyewe hanywi, tuyaache.) Hakuna anayeshtuka! Stelingi anamjibu "kabati la juu" utadhani wamelelewa pamoja. Mara anaingia kiongozi wa mbwamwitu-watu, mkono wa kushoto hana. Maelezo tunayopewa ni kwamba hali iko hivyo "tangu usiku ule wa darajani". Usiku upi? Daraja lipi? Nikarudi kupekua sura za mwisho za kitabu cha 4 nikidhani nakala yangu imechomoka kurasa. Hamna daraja humo.

Kumbe katikati ya cha 4 na cha 5 ilitoka riwaya fupi, ndiyo hiyo 4.5, ikatangazwa kuwa ni kionjo kwa mashabiki, ukitaka soma, usipotaka ruka. Vita ya darajani imo humo. Mkono umekatwa humo. Mkataba wa amani uliogeuza mfululizo mzima umesainiwa humo! Sasa hapo hiari iko wapi?

Msinielewe vibaya, riwaya fupi za pembeni nazipenda. Fantasia ya mjini mara nyingi husimuliwa kwa "mimi", kwa hiyo asichokiona stelingi na msomaji hakioni. Kumpa mhusika mwingine kurasa mia moja na kitu atuonyeshe upande wake ni jambo la maana kabisa. Ben Aaronovitch alifanya hivyo mwaka 2019 na The October Man: akaiacha London, akaenda Trier, Ujerumani, na mpelelezi mwingine kabisa, Tobias Winter. Ukiisoma unafaidi, usipoisoma, stelingi wa mfululizo mkuu, Peter Grant, hajaharibikiwa na kitu. Jim Butcher naye ana Aftermath, iliyo kwenye mkusanyiko wa Side Jobs wa 2010. Inaanza muda mfupi tu baada ya kitabu cha 12 cha mfululizo wake wa The Dresden Files, na anayesimulia ni Murphy, rafiki wa stelingi, badala ya stelingi mwenyewe, Harry Dresden. Ukisoma cha 12 unaelewa mara moja kwa nini ilibidi awe mtu mwingine.

Tatizo linaanza pale mhimili wa hadithi unapohamishiwa pembeni. Na halijaanza leo. Mnaomsoma Patricia Briggs mnajua: Cry Wolf ya 2008 ina lebo ya kitabu cha kwanza, lakini wahusika wake wakuu, Anna na Charles, walishakutana Chicago kwenye riwaya fupi iliyotoka 2007 ndani ya mkusanyiko wa waandishi kadhaa. Baadaye ikauzwa peke yake, afadhali. Ila aliyeanza na "cha kwanza" alikuta wenzake wameshatambulishana.

Basi nikainunua hiyo 4.5, nitafanyaje. Bei inakaribia ya riwaya kamili. Nasoma kwenye simu, vita imepamba moto, naangalia chini imeandikwa asilimia 64, najisemea bado kuna utamu wa kutosha. Nafungua ukurasa unaofuata: shukrani za mwandishi. Baada ya hapo ni sura za mwanzo za kitabu cha 5. Kile kile ambacho nilishakinunua! Yaani theluthi nzima ya nilicholipia ni tangazo la kitu kilichopo kabatini kwangu.

Kinachouma zaidi ni kwamba hadithi yenyewe ni kali. Ile sehemu kiongozi wa mbwamwitu anapounyoosha mkono mwenyewe ili mkataba upite ndiyo kurasa bora kuliko zote za mfululizo huu, na wengi hawatazifikia kwa sababu waliambiwa waruke. Aya mbili tu mwanzoni mwa cha 5 zingetosha kutuweka sawa. Au andikeni namba 5 kwenye jalada, tujue moja.

Na wale wa "si ungesoma tu zote", naombeni mnijibu: mtu anayeazima vitabu maktaba, ambako nakala za karatasi za hizi fupi hazifiki, asome nini?

Mwenye mpangilio kamili wa kusoma, pamoja na vile vihadithi vilivyofichwa kwenye mikusanyiko, auweke hapa. Nasikia 5.5 ipo njiani, na cha 6 sigusi mpaka nijue nani kafa humo.