Nimebakiza Jumamosi saba: nimuage vipi mtoto aliyenizoea?

Muulizaji
Habari zenu. Najitolea kila Jumamosi kwenye shirika linalosaidia watoto wa familia zenye hali ngumu. Wengi wanalelewa na bibi au jamaa zao. Kazi yangu ni kusoma nao, na sasa nina mwaka na miezi miwili.

Kuna binti wa miaka minane anayeishi na bibi yake. Miezi mitatu ya mwanzo hakunisemesha kabisa, alikaa pembeni akikunja kona za kurasa. Siku hizi ananisubiri mlangoni na hataki kusoma na mtu mwingine. Juzi alisoma ukurasa mzima bila kuweka kidole chini ya maneno, akaniangalia hata kabla hajafika kwenye nukta ya mwisho.

Nimehamishwa kikazi. Mwenzangu tunayejitolea naye kanishauri niondoke kimyakimya: "Watoto husahau upesi, ukiaga utawaliza bure." Tangu aseme hivyo silali vizuri. Nifanyeje?

Afisa ustawi wa jamii, mstaafu
Mdogo wangu, usiondoke kimyakimya. Mtoto aliyeondokewa bila kuambiwa hujitafutia sababu mwenyewe, na niliowahi kuwahudumia walijilaumu karibu wote: nilisoma vibaya, nilikuwa mkaidi. Akilia wakati wa kuagana, angalau utakuwepo umbembeleze.

Anza na mratibu wako, kisha bibi, ndipo mtoto. Umwambie mapema, usingoje Jumamosi ya mwisho. Chora vyumba saba kwenye karatasi, kila mkimaliza kusoma apake rangi kimoja. Umri ule "karibu miezi miwili" haishikiki kichwani, lakini vyumba vilivyobaki anaviona. Mpe sababu ya kweli, na umtamkie kabisa kwamba hakuna alichokosea. Usimwambie "nitarudi kukuona" kama huna tarehe. Nimeona watoto wakiishi na neno hilo miaka.

Halafu muulize yeye anataka muagane vipi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na hili linamhusu kuliko mtu yeyote.

Aliyewahi kuwa mtoto huyo
Dada mmoja alikuwa akinifundisha hesabu. Jumamosi moja hakuja, wala iliyofuata. Wiki ya mwisho nilikuwa nimemvunjia penseli yake ya kijani. Mpaka nina miaka kumi na minne niliamini aliondoka kwa ajili ya ile penseli. Mwambie mwenzako hatukusahau, tuliacha tu kuuliza.

Mratibu wa wanaojitolea
Naunga mkono waliotangulia, ila kuna jambo moja gumu. Mtoto kukataa kusoma na mtu mwingine ni dalili kwamba mpango wetu una pengo, na lawama hiyo ni ya sisi waratibu kuliko wewe. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, mtu atakayekupokea akae nanyi. Mwanzoni asikilize tu, baadaye asome nusu ukurasa, mwishowe wewe ndiye usikilize.

Na usimsahau bibi. Mwaka 2000, mjini Bucharest, Romania, watafiti walianza kufuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi kwenye vituo vya kulelea watoto, ambako walezi walipishana zamu. Waliohamishiwa kwenye familia za malezi wakiwa bado wadogo walikua vizuri zaidi kuliko waliobaki vituoni. Mtoto huhitaji mtu wake wa kila siku, na huyu binti anaye tayari. Sisi wa Jumamosi tupo kumwongezea bibi nguvu. Mwalikeni aje amsikilize mjukuu wake akisoma.

Namba yako ya simu usimpe mtoto. Ukitaka kumwandikia, barua ipitie ofisini.

Muulizaji
Asanteni sana. Jana nilikwenda na mratibu wetu kwa bibi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwambie wewe mwenyewe, mwanangu. Mimi nitakaa hapa." Nikamwambia mtoto nimehamishwa kazi, na kwamba hakuna kosa alilofanya. Hakulia. Aliuliza kitabu kitabaki na nani.

Nilimwambia kitabaki rafuni, na nikamweleza juu ya kaka atakayeanza kukaa nasi. Akauliza kama naye anasoma polepole. Bibi hajui kusoma, lakini amekubali kumsikiliza kila jioni, na mratibu ameruhusu kitabu kiende nyumbani katikati ya wiki. Chumba cha kwanza amekipaka rangi ya kahawia, taratibu, mpaka kwenye kona.