Je, tuuze mikorosho tumpeleke mdogo wangu India baada ya kuumia uti wa mgongo?

Kaka Mkubwa, Mikindani

Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu wa miaka 24 alianguka kutoka juu ya mnazi, akaumia uti wa mgongo, na tangu hapo hana nguvu wala hisia kuanzia kitovuni kushuka chini. Hospitali ilimruhusu baada ya wiki tatu akiwa na mpira wa mkojo, bila mtu yeyote kutuonyesha namna ya kumgeuza. Siku ya tisa nyumbani nilipomfunua nilikuta ngozi ya juu ya makalio, pale penye mfupa, imekuwa nyeusi, upana wa kizibo cha soda. Wajomba wanashauri tuuze ekari mbili za mikorosho tumpeleke India. Naomba kuelezwa wenzetu wa nje wanafanya nini ambacho sisi hatufanyi, na kama kitamsimamisha.

Mfiziotherapia, Masasi

Pole sana, ndugu yangu. Kidonda hicho kionwe na muuguzi kesho, na asikilalie tena kabisa.

Kuhusu shamba, hakuna nchi yenye upasuaji wa kuunga uti uliokatika ukarudi kama ulivyokuwa. Upasuaji hukaza mifupa na kuupunguzia uti mgandamizo. Kinachotofautiana ni muda na mafunzo yanayofuata. Katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, Daktari Ludwig Guttmann alianza mwaka 1944 kupokea askari waliopooza, wakati ambapo wengi wa namna hiyo walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo, na jambo alilolisimamia kwa ukali ni kuwageuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Hilo halihitaji ndege. Marekani, wastani wa kukaa katika kituo cha utengamao, yaani cha kumfundisha aliyeumia kuishi na hali yake mpya, ulikuwa siku 98 miaka ya 1970, na umeshuka hadi kama mwezi mmoja au kidogo zaidi, muda ambao kwa maoni yangu ni mfupi mno kwa mtu kuujua upya mwili wake.

Mwenye Kiti, Lindi

Kaka, mimi natumia kiti cha magurudumu mwaka wa kumi na moja sasa. Nchi ninayoiona inafanana na yetu ni Bangladesh, ambako wengi huumia kwa kuanguka mitini au kwa kubeba mizigo mizito kichwani. Kituo cha CRP cha kuwahudumia waliopooza, kule Savar, kilichoanzishwa mwaka 1979 na mfiziotherapia Mwingereza Valerie Taylor, huwahamishia wagonjwa kwenye hosteli kabla ya kurudi kijijini, wakajizoeze maisha ya nyumbani, na ndugu nao hufundishwa. Mimi sikupata hayo. Kiti changu cha kwanza kilikuwa na magurudumu madogo mbele, yakazama mchangani kabla sijafika msikitini, nikakaa ndani miezi minne.

Ulizeni pia habari ya mpira wa mkojo unaoingizwa na kutolewa kila baada ya saa chache, maana ule wa kukaa siku zote huleta maambukizi. Mikorosho ibaki, korosho za msimu mmoja zipanue mlango na choo, zinunue na godoro zuri.

Kaka Mkubwa, Mikindani

Nashukuruni sana. Usiku wa jana tumegawana zamu: mama saa nne na saa sita, mimi saa nane na saa kumi. Muuguzi tunamwona asubuhi hii, na suala la mpira nitamuuliza. Wajomba nitawasomea majibu haya Ijumaa.