Kuhamia Thika huku kazi iko Nairobi: usafiri, mitaa, na mahali pa kupeleka wageni

Mhamiaji254

Hamjambo wenyeji wa Thika. Kuanzia mwezi ujao kituo cha kazi kitakuwa katikati ya Nairobi, kuripoti saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Naombeni mwongozo katika mambo matatu. Nitoke nyumbani saa ngapi, na nishukie wapi? Mtaa upi unamfaa mtu anayetegemea matatu na mwenye watoto wawili wa shule ya msingi? Na wageni wakija Jumamosi, niwapeleke wapi? Nasikia watu wakitaja maporomoko ya Fourteen Falls na mlima Kilimambogo, ila sijui kama vyote viwili vinawezekana kwa siku moja bila gari la binafsi.

AbiriaWa237

Karibu. Nijibu la usafiri, kwa sababu ndilo linalowarudisha wengi Nairobi kabla hata mwaka haujaisha.

Thika iko kilomita 42 hivi kaskazini mashariki ya Nairobi. Tangu barabara kuu mpya ya Thika ifunguliwe Novemba 2012, watu hutazama hizo kilomita na kusema ni mwendo wa dakika 45. Ni kweli, ukisafiri saa tano asubuhi au Jumapili. Siku ya kazi, hesabu safari yako kwa vipande vinne: nyumbani hadi steji, kusubiri matatu ijae, Thika hadi Muthaiga, kisha Muthaiga hadi katikati ya mji. Kipande cha tatu ndicho kirefu kwa kilomita, lakini cha mwisho ndicho kinachokula muda. Barabara ni pana kuanzia Juja hadi Muthaiga, na katika sehemu nyingine ina njia nane. Ikifika Pangani inagawanyika kuingia barabara za mji ambazo hazikupanuliwa kiasi hicho, na magari yote yaliyokuja kwa kasi yanapanga foleni hapo.

Kwa kuripoti saa mbili, uwe umeketi ndani ya matatu inayoondoka kabla ya saa kumi na mbili kasorobo. Hapo utafika na nafasi ya kunywa chai. Ukiondoka saa kumi na mbili na nusu utakutana na Juja, Ruiru, Kahawa na Githurai wote wakiingia barabarani kwa wakati mmoja, na mvua ikinyesha jihesabie saa mbili nzima au zaidi. Tofauti ya dakika 45 za kutoka inazaa tofauti ya saa nzima ya kufika. Hilo ndilo jambo ambalo wageni wa Thika huchelewa kulielewa.

Matatu za Thika ni namba 237. Kabla ya kupanda, muulize kondakta kama inakwenda moja kwa moja au inabeba njiani. Iliyojaa Thika na isiyobeba hukaa kwenye njia za kati. Inayobeba huingia njia za pembeni kila ikifika steji, na Githurai pekee inaweza kukupotezea dakika 20, kwa kuwa matatu, mikokoteni na wachuuzi wote wanagombea nafasi ileile. Uliza na nauli pia kabla ya kuketi. Mara nyingi huwa kati ya Sh100 na Sh200 kulingana na saa, na mawingu yakitanda jioni hupanda papo hapo.

Mahali pa kushukia panategemea ofisi iko wapi. Kama ni katikati ya mji na foleni imekwama, shukia Ngara uvuke kwa miguu. Ni kama dakika 15, na mara nyingi utaitangulia matatu uliyoshuka. Ofisi ikihamia Westlands, usifike mjini kabisa, shukia Pangani uchukue ya Forest Road. Anayekwenda Donholm au Embakasi ashukie Allsops, ashike Outering. Na wa uwanja wa ndege ashukie Ruiru, ashike Eastern Bypass, aukwepe mji wote.

Jioni ndiyo ngumu kuliko asubuhi. Kati ya saa kumi na moja na nusu na saa mbili usiku kuna foleni mbili: ya abiria kwenye steji, na ya magari kutoka mjini hadi Allsops. Kama kazi inaruhusu, toka mapema au usubiri saa mbili ipite. Kukimbilia matatu saa kumi na mbili na nusu ni kuketi ndani yake tu.

RelNaBarabara

Niongeze kuhusu treni, maana kila mgeni huuliza. Reli imepita Thika tangu 1913, na njia yenyewe inaendelea hadi Nanyuki. Lakini treni ya wafanyakazi wa kila siku ni ile ya Ruiru, inayopita Kahawa, Githurai, Mwiki na Dandora. Treni ya Nanyuki ni ya wasafiri wa mwisho wa juma, haina ratiba ya mtu wa ofisi. Kupanda matatu hadi Ruiru ili ushike treni kunakupa mabadiliko mawili ya chombo na hakuokoi muda, kwa sababu utakuwa tayari umeshafika nusu ya njia. Anayetaka maisha ya treni atafute nyumba Ruiru kwenyewe.

MwenyejiNgoingwa

Mitaa sasa. Kwanza elewa kwamba Thika si mahali pa kulala tu. Ni mji wa viwanda wenye hospitali ya Level 5, makao makuu ya Mount Kenya University, masoko yake na shule zake. Maana yake, matatu za asubuhi zinaondoka zikiwa zimejaa, na nyingine zinaingia zikiwa na wafanyakazi wa viwandani. Kwa mzazi hili ni zuri: mtoto akiugua mchana, huhitaji kumkimbiza Nairobi.

Section 9 iko karibu na katikati ya mji, imetulia, ina miti mikubwa, unaweza kutembea hadi steji. Kodi yake ndiyo ya juu. Makongeni iko upande wa barabara ya Garissa, ina watu wengi, maduka hadi usiku, nyumba za kila bei, na usafiri hauishi. Ngoingwa iko upande wa barabara ya Mang'u, ni mtaa wa familia, nyumba nyingi za ua wake. Kasoro yake kwako ni kwamba unahitaji tuktuk au bodaboda kufika steji kuu. Alfajiri kabla ya saa kumi na moja na nusu tuktuk ni chache, kwa hiyo panga na dereva mmoja wa kudumu, mlipane kwa wiki.

Tazama udongo kabla ya kulipa amana. Upande wa magharibi, kuelekea Gatundu, ni udongo mwekundu. Mvua ikinyesha unateleza, lakini unakauka upesi. Upande wa mashariki, Landless na sehemu za Makongeni, kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Hapo barabara ya ndani isiyo na lami au kokoto inakuwa matope ya kuvua kiatu, bodaboda hazifiki mlangoni, na kuta za nyumba zilizojengwa bila kuchimba udongo huo hadi mwamba huota nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha. Ukiona nyufa hizo zimezibwa na kupakwa rangi mpya, uliza maswali.

Maji: muulize mpangaji anayeishi hapo, si wakala, ni siku ngapi kwa wiki yanafika, na kama ni ya bomba au ya kisima. Maji ya visima upande wa tambarare mara nyingine yana chumvi. Fungua bomba, onja, na angalia ukoko mweupe ndani ya birika la mpangaji jirani. Na kama nyumba iko karibu na eneo la viwanda, irudie jioni upepo ukiwa umegeuka, ujue harufu yake kabla hujatia sahihi.

MpandaKilima

La tatu ni langu. Anza na kilicho karibu. Mito ya Chania na Thika inakutana pembeni mwa mji, na kila mmoja una maporomoko yake kabla ya kuungana. Hoteli ya Blue Posts, iliyoanza mwaka 1908, iko katikati ya mito hiyo miwili, kwa hiyo unaona maporomoko mawili bila kuhama. Kutoka mjini ni bodaboda ya dakika chache. Ngazi za kushukia huwa na ukungu wa maji na kuvu, watoto wavae raba zenye meno na si ndala. Nenda Mei au mwisho wa Novemba. Miezi ya kiangazi utakuta maji yamepungua sana, kwa sababu Mto Thika umezuiwa juu huko Ndakaini, bwawa linalonywesha sehemu kubwa ya Nairobi.

Fourteen Falls na Kilimambogo viko upande mmoja, barabara ya Garissa. Panda matatu ya Donyo Sabuk kutoka Thika. Utapita mashamba ya mananasi pande zote mbili (ni ya kampuni, piga picha ukiwa barabarani, mananasi nunua kwa wauzaji wa kando). Kwenye soko la Kilimambogo, kilomita 20 na kitu, gari linakata kulia. Fourteen Falls inatangulia, kabla ya daraja la Mto Athi. Ukivuka daraja unafika mji mdogo wa Donyo Sabuk, na lango la hifadhi ya mlima Kilimambogo liko kilomita 2 mbele, bodaboda zipo.

Bila gari, usivifanye vyote kwa siku moja kama unataka kufika kileleni. Kutoka langoni hadi juu ni kilomita 9 za kupanda, kilele kiko mita 2,145. Mwenye pumzi ya kawaida anatumia muda wa saa tatu kupanda na mbili kushuka. Jina Kilimambogo halikutolewa bure, nyati wamo msituni mule, kwa hiyo hutembei bila askari wa KWS (shirika la wanyamapori) mwenye bunduki. Fika langoni saa mbili asubuhi, kwa sababu ukichelewa askari wanakuwa wameshatoka na makundi mengine. Malipo hayapokelewi kwa pesa taslimu, lipa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, ukiwa bado Thika, na uangalie bei siku hiyohiyo maana viwango hubadilishwa. Beba lita 2 za maji kwa kila mtu. Huko juu hakuna duka.

Kwenye kilomita ya 7 kuna makaburi ya mlowezi William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925, na watu wake wa karibu. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini gari lililobeba jeneza likashindwa na mteremko, akazikwa hapo lilipokwama. Ni huyohuyo ambaye maktaba ya McMillan pale mjini Nairobi, iliyofunguliwa 1931, inabeba jina lake. Asubuhi iliyo safi, kutoka juu unauona Mlima Kenya. Ikifika saa tano mawingu hujifunga.

Wenye gari: barabara ya kupanda ni ya murram na kona kali. Kavu, gari dogo linafika. Ikiwa imenyesha usiku, liache langoni.

MtoAthi

Nakubaliana na MpandaKilima, ila kuhusu Fourteen Falls mgeni aambiwe ukweli wote, kwa sababu tunaupenda mto huu na unaumia. Mto Athi unapokea Mto Nairobi kabla ya kufika pale, pamoja na maji machafu ya mji. Mwezi wa Februari na Machi, au Septemba hadi mvua zinapoanza, maji ni machache, yana povu na harufu. Mvua ya kwanza inapokuja ndiyo mbaya zaidi, inasomba taka zote za miezi mitatu kwa siku moja. Subiri wiki tatu au nne za mvua zipite, mto ujisafishe, ndipo uende. Na mafuriko yakizidi, ile michirizi 14 inayoupa mahali jina inaungana kuwa pazia moja la kahawia. Ni la kuvutia, lakini usivuke mawe. Nafasi nzuri kwa kawaida ni Juni, au wiki za mwanzo za Januari.

Usiogelee, na watoto wasichezee maji kisha wakala bila kunawa. Vijana watakuomba pesa waruke kutoka juu ya maporomoko. Usiwalipe, watu wamekufa pale. Mashua, patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na ukatae kama hakuna jaketi za kuokolea.

Mhamiaji254

Asanteni sana, ndugu zangu. Swali la mwisho: kwa watoto wadogo na jioni ya Jumapili tu, bila safari ndefu?

MwenyejiNgoingwa

Mugumo Gardens, mjini hapohapo. Ndipo uliposimama mgumo ambao Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu, alisema ukianguka utawala wa Waingereza utakuwa umekwisha. Inasimuliwa kwamba wakoloni waliufunga shina kwa chuma ili usianguke, na ukaanguka mwaka 1963. Wasimulie watoto mkiwa pale. Nyama choma usitafute mbali, ila wageni wakitokea Nairobi, kutaneni nao Kamakis pale Ruiru, kwenye Eastern Bypass, nao watakuwa nusu ya njia kurudi kwao. Fikeni kabla ya saa saba. Baada ya hapo unasubiri kilo moja kwa zaidi ya saa nzima.