Tupeane uzoefu: tyuna ya gita na besi, nyumbani na jukwaani

Besi_Malindi
Assalaam alaykum wapiga nyuzi wa Unguja na Pemba. Kila kikundi nilichopita nimekuta mambo ni yaleyale: mmoja ana tyuna, kile kidude cha kukuonyesha kama uzi uko kwenye sauti yake, ya kubana kichwani mwa gita, mwengine anatumia simu, mwengine ana pedali chini ya mguu, na hakosekani mzee mmoja anayewacheka wote. Haya, tupeane uzoefu. Unatumia ipi, wapi imekufaa, wapi imekutupa?

Naanza mie. Napiga besi kwenye taarab ya kisasa na kwenye bendi za kukodiwa. Jukwaani sina mjadala, ni pedali. Si kwamba inasoma vizuri kuliko nyengine, ila ukiikanyaga inakata sauti. Ukumbini kinamama wameshainuka kutunza, wimbo mmoja unapita dakika 10 na mwimbaji hana habari ya kumaliza, uzi wa A umelegea. Utaanza kuung'ong'oza kwenye spika watu wakusikie? Nasubiri kinanda kishike sehemu yake, nakanyaga, nakaza mpaka taa ya kijani, nakanyaga tena, nimerudi. Yangu ni Boss TU-2, zile zilizotoka 1998, niliinunua kuukuu na bado inakwenda.

Angalizo moja. Pedali hizi ukiacha waya umechomekwa upande wa kuingizia, betri ya volti 9 inaliwa hata kama hupigi. Mazoezi yakiisha chomoa waya. Vijana wetu hawasikii hili mpaka usiku wa shughuli.

Nungwi_Live
Salaam kaka. Mimi ni wa bara, nipo huku kaskazini napiga mahotelini, besi ya nyuzi tano. Uzi wa B ule wa chini ni kama Hz 31, yaani mitetemo 31 kwa sekunde, na E ya besi ni 41. Tyuna nyingi za bei rahisi zinababaika huko chini: sindano inakwenda kushoto, inarudi kulia, inakuandikia herufi nyingine kabisa. Dawa yake ni kugusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyolala shingoni) bila kuubana, unapata sauti ileile oktavu moja juu. Hapo tyuna inatulia. Zima na toni ya besi, inasaidia pia.

Halafu kuna suala la AC. Tunakaa chumba cha nyuma baridi kali, tunatyuni vizuri, tunatoka ufukweni kwenye joto na taa, nyimbo mbili tu nyuzi zote zimeshuka. Chuma kikipata joto kinatanuka, uzi unalegea. Siku hizi gita zetu zinatangulia nje mapema, sisi tunafuata, na tunatyuni palepale tutakapopigia. Meneja anaona tunachafua mandhari. Atazoea.

Mtu_wa_Chake
Yakhe nyie wa mahotelini mna raha. Huku Chake Chake mie tyuna yangu ni simu, basi. Programu ya bure, inasikiliza kwa maiki. Nyumbani usiku haina neno. Mvua ya masika ikishuka kwenye bati ndo utaijua: ile sindano inacheza msewe. Simu inasikiliza hewa, haijui lipi bati, lipi gita.

Besi ya umeme bila amplifaya nayo simu haiisikii vyema, na umeme ukikatika amplifaya ndo hakuna. Nifanyacho: kichwa cha besi nakigusisha kwenye mlango wa kabati la nguo, simu naibandika palepale kwenye mbao. Kabati zima linavuma, unaisikia mpaka kifuani. Simu inasoma safi. Mke wangu alidhani nnatafuta kitu kabatini.

Gita_Michenzani
@Mtu_wa_Chake hilo la kabati nalichukua 😂

Lakini shekhe, ndo maana zikatengenezwa za kubana. Ile haisikilizi hewa, inahisi mtetemo wa mbao. Watu wanaweza kupiga ngoma pembeni yako na wewe unatyuni. Udhaifu wake nimeuona jukwaani: ukiwa karibu na spika kubwa ya besi, shingo ya gita nayo inatetemeka kwa sauti ya mwenzio, sindano inaanza kusoma ya jirani. Hapo geuka, sogea, au subiri wimbo uishe.

Binti_wa_Kanuni
Wa alaykumu salaam. Mnaniruhusu niingie na kanuni yangu, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi, kwenye baraza la magita? Maana tyuna naitumia kuliko nyote.

Kanuni ina nyuzi tatu tatu kwa kila sauti. Naweka ufunguo, nakaza uzi wa kwanza, kijani. Wa pili, kijani. Wa tatu, kijani. Nazipiga tatu kwa pamoja: wa… wa… wa… zinatikisika. Kwa nini? Kijani cha tyuna kina upana. Nusu sauti imegawiwa senti 100, na tyuna nyingi zinakuwashia kijani hata ukiwa umekosa kwa senti moja au mbili. Kwenye A ya 440, senti mbili ni nusu Hz, yaani mtikisiko mmoja kila sekunde mbili. Kwenye gita la uzi mmoja mmoja hakuna atakayelalamika. Kwenye kanuni unasikika. Kwa hiyo tyuna nampa uzi wa kwanza tu katika kila sauti, wale wawili nawafuatisha kwa sikio mpaka mtikisiko unyamaze.

La pili ni maqam, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Nikiwa kwenye maqam ya Rasti inayoanzia C, sauti ya tatu haikai kwenye E wala kwenye E iliyoshushwa nusu. Inakaa baina yao. Tyuna inanipigia taa nyekundu kila mara, na mimi naiacha inipigie. Tatizo ni mpiga gita anayekuja na tyuna yake kunionyesha kwamba "dada, hii imeshuka." Imeshuka ndiyo, na inatakiwa hapo! Gita lina freti, halina pa kuiweka sauti ile. Tulipatana naye: pale asiiguse E, apige C na G, aniachie mimi na udi na fidla. Ikatoka vizuri mno.

La tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: kabla ya kushika tyuna uliza nani hapa hawezi kubadilika. Sie tuna kodiani. Kodiani huwezi kuikaza ukumbini, sauti yake ni ya vile vipande vya chuma ndani. Ikiwa A yake ni 442, basi kundi zima ni 442. Namwambia ashike A, nasoma kwenye tyuna, nabonyeza kitufe mpaka 442, ndipo tunaanza wengine. Hiyo 440 ni kipimo cha kimataifa, kimeandikwa kwenye ISO 16 ya 1975, lakini kodiani yetu haijaisoma.

Gita_Michenzani
@Binti_wa_Kanuni kitufe hichohicho kilinitesa! Tyuna yangu ya kubana naitia mfukoni mwa begi, kitufe kikabonyezwa na vitu humo humo ndani, ikaenda 445. Nikatyuni, nyuzi zote kijani, gita lenyewe likipigwa peke yake tamu kabisa. Kinanda kikiingia, uchungu. 445 na 440 ni karibu senti 20, si kidogo. Mwimbaji ananiangalia, mpiga kinanda ananiangalia, mie natazama kijani changu naona wao ndo wabaya. Sasa kila nikiiwasha jicho la kwanza linakwenda kwenye ile namba ndogo ya pembeni.

Sanduku_la_Babu
Muziki wangu ni kidumbaki. Besi yake ni sanduku, fimbo, uzi mmoja. Ukitaka juu vuta fimbo, ukitaka chini legeza. Tyuna ya nini?

Besi_Malindi
@Sanduku_la_Babu nilijua utatokea 😂 Mzee una haki, lakini sie wenye freti tumefungwa.

@Binti_wa_Kanuni umefungua somo hapo. Kwenye kinanda mambo ni hayohayo, ila kinanda ni kijanja, mtu anaweza kukishusha nusu sauti kwa kitufe ili kumfuata mwimbaji aliyepwelewa na sauti, asimwambie mtu. Ulizaneni kabla.

Mwalimu_Fuoni
Nafundisha vijana gita. Wengi siku hizi wanatyuni kwa macho. Taa ikiwa kijani wameridhika, hawajui hata kama uzi umepanda oktavu nzima. Nimeona uzi wa kwanza ukikatika usoni mwa mtoto kwa sababu tyuna ilisema E na yeye akaendelea kukaza kutafuta E nyengine. Ninavyofanya: tyuna inatumika uzi mmoja, A. Nyengine wanatafuta kwa sikio, freti ya 5 kwa uzi unaofuata, na kutoka G kwenda B freti ya 4. Wakimaliza ndipo tyuna inaletwa kusahihisha.

Nungwi_Live
Mwalimu, kwa heshima, nyumbani sawa. Jukwaani nani ana muda huo? Kwenye tamasha la Sauti za Busara bendi moja inashuka nyingine inapanda, fundi mitambo anakuhesabia vidole. Ndiyo maana wenzetu wananunua tyuna kama PolyTune, unapiga nyuzi zote mara moja inakuonyesha upi umekosea.

Mwalimu_Fuoni
Sijakataa jukwaani. Nimesema wanafunzi.

Mtu_wa_Chake
Mie nna swali. Nyuzi zangu zikiwa tupu tyuna yasema sawa, nikipanda freti ya 12 zimepanda sana. Tyuna mbovu au gita bovu?

Besi_Malindi
Huenda si mbovu hata moja. Fanya hivi: gusa uzi kwa wepesi freti ya 12, soma. Kisha bana freti hiyohiyo, soma. Ya kubana ikiwa juu, rudisha nyuma kile kitandiko kidogo cha uzi huo pale darajani kwa bisibisi, urefu uongezeke. Ikiwa chini, kilete mbele. Kila ukikisogeza tyuni upya kabla ya kupima. Lakini kwanza nyuzi zina umri gani? Hewa yetu ya chumvi inakula chuma, uzi ukishakuwa na kutu na uchafu hauko sawa urefu wake wote, utasogeza mpaka kesho. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.

Mtu_wa_Chake
Umri wao? Toka nimenunua besi 🙈

Besi_Malindi
Basi agiza seti mpya, bisibisi iache kwanza. Na zikifika zivute kwa mkono taratibu kila ukityuni, mpaka ziache kushuka. Kaza kutoka chini kwenda juu. Ukiwa umepitiliza shuka chini zaidi halafu panda tena, ili meno ya kigingi yashike, usikute uzi unateleza nyuma katikati ya wimbo.

Ukhti_Jangombe
Mwanangu wa skuli ana gita la nyuzi za nailoni, nimnunulie ipi?

Gita_Michenzani
Ya kubana, dada, ile ya kusoma sauti zote si ya gita tu, atakayehamia kwenye udi kesho itamfaa. Betri yake ni kile kidonge CR2032, mtafutie na cha akiba. Nailoni mpya inashuka sana siku za mwanzo, asidhani gita bovu. Na mwambie aangalie imeandikwa 440.

Binti_wa_Kanuni
Na kama kuna kodiani nyumbani, 442 😄